Msuluhishi wa Mistari Iliyogongana

Jumatatu, tarehe 4

Bosi ametangaza kwamba mwisho wa wiki atateua mkuu wa waandishi wa programu. Nafasi yangu hiyo, nani asiyejua? Mpinzani ni mmoja tu: Shemeji, mdogo wake mke wangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemtafutia kazi hapa. Shukrani ya punda.

Ofisi yetu inaandika programu ya kliniki, ile inayowatumia wagonjwa ujumbe kuwakumbusha miadi. Wote tunaandika humo humo. Watu wawili wakigusa mstari mmoja, kompyuta inagoma. Inaweka maneno ya huyu juu, ya yule chini, kisha inasubiri binadamu aamue yapi yabaki. Huo ndio mgongano. Wenzangu wanauogopa kama paka na maji. Wajinga! Anayeutatua ndiye anayeonekana.

Shida: migongano ni michache. Dawa yake: itengenezwe.

Jumanne, tarehe 5

Nimewahi ofisini kabla ya mfagiaji. Nimefungua mafaili ya kila mtu, nikapachika neno hapa, nikafuta nukta pale. "Karibu" nikaifanya "Karibu sana". Jua halijapanda vizuri, kompyuta zimegoma chumba kizima.

Wa kwanza kuja ni Kimya, yule jamaa wa dirishani anayeongea kwa nyusi. Nikakunja mikono ya shati, nikashusha pumzi kama daktari wa upasuaji. Nikafuta maneno yake, nikaacha yangu. Akanishukuru, kwa nyusi. Binadamu ni rahisi kuliko mashine.

Shemeji akauliza kwa nini nimegusa faili lisilo langu. Nikamwambia naboresha. Akaniangalia vile dada yake anavyoniangalia nikisema nimeshafunga bomba.

Jumatano, tarehe 6

Foleni mezani kwangu! Bosi amepita, ameona, ametabasamu.

Shemeji naye anatatua, ila kwa mtindo wa kuchekesha. Anawaita wenye mstari wote wawili, anawakalisha, anamuuliza kila mmoja alitaka nini. Kikao! Utadhani anapatanisha wanandoa. Halafu anaijaribu programu kabla ya kuiachia itumike. Kujaribu ni kwa wasiojiamini.

Mimi nimegundua njia ya mkato. Bakiza ya huyu, bakiza na ya yule. Hakuna aliyeonewa. Alasiri Kimya na Mama Chaja (hajawahi kununua yake, anazunguka na kuazima) wamegongana kwenye ujumbe wa wagonjwa wa kesho. Kimya alikuwa akiwaandikia wanaopimwa damu. Mama Chaja, wanaotumia vidonge. Sikusoma mpaka mwisho. Nimeyabakiza yote mawili, chap, nimeuachia uende kwa wagonjwa. Shemeji alikuwa bado anavuta viti.

Alhamisi, tarehe 7

Siku mbaya.

Mama mkwe anakaa kwetu. Ni mama wa mke wangu na, kwa bahati mbaya, wa Shemeji pia. Asubuhi nimemkuta mezani mbele ya yai, simu mkononi. Leo ilikuwa zamu yake ya kupimwa damu. Akanipa simu nimsomee. "Usile chochote kabla ya kuja. Kula ushibe kabla ya kuja. Karibu sana."

"Mwanangu," akasema, "nifunge mdomo au nifungue?"

Jasho. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba wataalamu wana maana yao, kwa hiyo ale nusu. Akala nusu yai. Kliniki ikamrudisha.

Na hakuwa peke yake. Ukumbi mzima ulikuwa vurugu tupu, wenye njaa upande huu, walioshiba upande ule. Mzee mmoja mwenye kisukari alimeza dawa bila kula, akaanguka kwenye benchi. Walimnywesha maji ya sukari akazinduka. Muuguzi mkuu amekuja mwenyewe ofisini. Bosi akauliza nani aliyeuachia ule ujumbe. Nikaangalia dari. Dari yetu ni safi sana.

Kimya akafungua kinywa. "Ni huyu."

Kumbe ana sauti nzito. Muda wote huo anaihifadhi ili aje kunimaliza nayo.

Ijumaa, tarehe 8

Shemeji ndiye mkuu. Upendeleo mtupu.

Amewakalisha Kimya na Mama Chaja, ikaonekana hawakuwa na ugomvi wowote. Wagonjwa ni wa aina mbili, basi kila aina ipate ujumbe wake. Chai haijapoa, wamemaliza. Mtu yeyote angeliona hilo, kama angeuliza.

Mimi nimetumwa kliniki kuomba radhi, benchi kwa benchi. Mama mkwe alikuwepo, amerudi kupimwa, tumbo tupu. Hakunitazama. Nilipofika kwa yule mzee wa kisukari nikampa mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi, chepesi kama karatasi. Nikachelewa kukiachia. Uchovu, bila shaka.

"Wewe ndiye uliyeniambia nile na nisile?" akauliza.

Nikakubali. Akanitazama kwa huruma.

"Na mkeo, mnaelewanaje?"

Benchi zima likaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni Mama mkwe. Na njaa yote ile! Nguvu alizitoa wapi?

Jumapili, tarehe 10

Nimetafakari. Kosa ni la wagonjwa. Nani aliwaambia wasome kila kitu?

Shemeji ameniwekea sharti: nisitatue mgongano wowote ofisini bila wenye mstari kuwepo. Sawa. Ofisini. Kipaji hakifungiwi ofisini.

Nyumbani, kwa mfano. Mke wangu anataka ule ukuta mfupi kati ya jikoni na sebule uvunjwe, sebule ipate hewa. Mama mkwe anataka uinuliwe mpaka darini, moshi usimfuate kitini. Walikuwa wamenuniana tangu jana. Shemeji alipopita kutusalimu alipendekeza tukae wote tuongee. Kikao tena! Nimemfuata kila mmoja peke yake, nikamnong'oneza kwamba ameshinda. Sasa hivi wako uani wanasukana nywele, kila mmoja ananikonyeza kwa zamu yake.

Fundi anakuja kesho, wao wakiwa sokoni. Nimemwambia afanye yote mawili.