Tangazo Kwamba Cheri za Kfar Dardar Ni Safi

Wananchi wote wa Kfar Dardar, walio nyumbani na walio ughaibuni, wanaarifiwa kwamba kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Juni, cheri za kijiji hiki hazina wakazi wa ndani wasio na kibali.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Naufal, katibu wa manispaa. Lilituchukua vikao tisa. Vikao vitatu vizima vilikwenda katika kutafuta neno, maana Rayyis Nasib, mwenyekiti wetu, alikataa katakata neno "funza" liingie kwenye karatasi yenye mhuri. Alisema ukilitaja tu, linazaa. Kwa hiyo funza akawa mkazi wa ndani wa tunda asiye na kibali, na mara alipopata jina hilo, kila mjumbe alipumua, tukanywa kahawa.

Sababu ya haraka hiyo ilikuwa Waziri. Alikuwa anakuja Jumapili kwenye sikukuu yetu ya cheri, waziri wa kwanza kupanda mlima huu kwa miaka ishirini na miwili. Rayyis alikuwa ameshatoboa ukuta wa sebule yake tayari kutundika picha atakayopiga naye.

Ukaguzi ulifanyika kwa mujibu wa kifungu cha pili cha tangazo, yaani kwa macho, kutoka hatua mbili. Kupasua tunda tulikataza. Kwetu mgeni hapasui cheri mbele ya mwenyeji. Kufanya hivyo ni kuituhumu nyumba yake. Anaila nzima, anafumba macho kidogo, anamshukuru Mungu. Kamati nayo iliheshimu mila. Tulikagua bustani mia moja thelathini na saba tukiwa wima, mikono nyuma, na hatukuona mkazi hata mmoja. Cheti namba moja alipewa Rayyis kwa miti yake kumi na mmoja.

Kifungu cha nne kilisema kwamba mti utakaothibitika kuhifadhi mkazi wa aina hiyo utakatwa mbele ya mashahidi. Tulikiweka kwa ajili ya uzito tu. Hakuna aliyetarajia kwamba mtu mwenye akili zake angekuja ofisini kujishtaki.

Umm Wadih, yaani Mama Wadih, alikuja Jumatano, na sahani ya cheri.

"Ustadhi Naufal, cheri zangu zina funza," alisema.

"Umm Wadih, tafadhali. Neno hilo hatulitumii hapa ofisini."

"Sasa mnamwitaje?"

Nikamwambia.

"Maskini," akasema. "Jina refu kuliko mwenyewe."

"Ungenyamaza, mama, ungepata cheti kama wenzako."

"Cheti nitakitia kwenye jamu? Mwanangu, wewe umekula kwangu tangu meno ya utoto. Nilikuwa nakwambia nini kila mara?"

"Fungua kwanza," nikajibu kabla sijajizuia.

"Basi. Funza yuko kwangu, yuko kwa Rayyis, yuko kwa mama yako. Naja kuwaambia msimlishe mgeni vitu vya aibu."

Ilinibidi nimsomee kifungu cha nne. Aliketi. Mti wake ni mmoja tu, marehemu mumewe aliupandikiza kwa mkono wake wiki aliyozaliwa Wadih. Wadih yuko São Paulo. Kila Jumapili akipiga simu anauliza habari za mti kabla ya habari za mama, na mama hakasiriki, anatoka na simu hadi barazani amwelezee umezaa vipi. Nilimwona anapangusa sahani ambayo haikuwa na vumbi. Niliumia sana, lakini niliumia kwa kufuata utaratibu, kisha nikajaza fomu.

Nilimwendea Rayyis kumwombea msamaha. Alinitazama kwa huruma.

"Ustadhi, tukimwacha huyu, kesho kila mtu atasema kweli. Tutamtawala nani?"

Akaamua mti ukatwe Jumapili hiyohiyo baada ya chakula, na amri ijazwe jina na isainiwe na Waziri mwenyewe jukwaani, ili nchi ione kwamba Kfar Dardar haina mchezo. Msumeno wa injini ulioshwa, ukafungwa utepe.

Jumapili ikafika, jua kali. Meza kuu ilitandikwa, na kama ilivyo desturi cheri zikaletwa kwenye mabakuli ya maji ya barafu. Bakuli la Waziri lilijaa cheri za Rayyis, nyeusi, nene, kila moja na kikonyo chake. Umm Wadih alikaa safu ya mwisho, bakuli la bati mapajani. Alikuwa amevaa nguo yake ya msiba.

Hakuna anayegusa kitu kabla ya hotuba kwisha. Wasemaji walikuwa saba. Wageni wa heshima walikuwa kumi na wanne, na kila msemaji lazima amsalimie kila mmoja kwa cheo chake chote, maana ukimruka mmoja umeanzisha ugomvi wa miaka thelathini. Hotuba ya tatu ilipofika kwenye salamu za mgeni wa tisa, barafu ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Maji yakawa vuguvugu.

Mimi nilikuwa nyuma ya Rayyis na faili langu. Niliona kitu cheupe kikichungulia kwenye kikonyo, kikajivuta, kikaingia majini. Kikafuatwa na ndugu zake. Kufika hotuba ya tano, bakuli la Waziri lilikuwa na wakazi wasiopungua arobaini, wote nje ya makazi yao, wanaoga.

"Rayyis," nikanong'ona, "tuna uhamaji."

Akatazama. Rangi ikamtoka.

"Ni barafu," akasema.

"Barafu inaogelea?"

"Ustadhi, nimesema ni barafu."

Hapo ndipo nilipoona mbegu. Kando ya sahani ya Waziri palikuwa na rundo kubwa la mbegu za cheri, limefichwa nusu chini ya kitambaa. Njaa na hotuba zilimshinda mheshimiwa. Tangu msemaji wa kwanza alikuwa akichukua moja moja kwa siri, huku macho yake yakimtazama msemaji kwa makini. Mkono wake ulikuwa njiani kwenda kuchukua nyingine. Akafuata mkono kwa macho, akaona ndani ya bakuli.

Msemaji wa sita akanyamaza katikati ya cheo cha mtu.

"Hivi ni nini?" Waziri akauliza taratibu.

Akanigeukia mimi, mwenye faili.

"Kwa mujibu wa tangazo lenu, nimekula nini?"

"Kwa mujibu wa tangazo, mheshimiwa, hakuna kitu."

"Umekula nyama kabla ya chakula, mwanangu," Umm Wadih akasema kutoka nyuma. "Haiui. Wangekwambia ufungue kwanza."

Watu walicheka hadi viti vikalia. Akaja na bakuli lake la bati, akaliweka mezani. Cheri zake alikuwa amezitia kwenye maji ya chumvi tangu alfajiri, akamwaga maji na wakazi wake, kama afanyavyo kila mwaka. Waziri akapasua moja kwa kidole gumba. Safi. Akala. Akapasua nyingine.

Kisha akavuta ile amri iliyokuwa ikimsubiri, akaisoma yote, akachukua kalamu.

"Kifungu cha nne. Mashahidi ninao mia tatu. Jina la mwenye mti limeachwa wazi," akasema. "Rayyis, wewe una miti mingapi?"

"Kumi na mmoja," Rayyis akajibu.

Kalamu ikashuka. Aliyeizuia ni Umm Wadih, kwa kuweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Mti hauna kosa," akasema. "Funza anakwenda kwenye utamu. Ukikata mti kwa ajili yake, siku ukiumwa jino utakata kichwa. Yake isikatwe, na wangu pia usiguswe. Lakini aseme."

"Niseme nini?" Rayyis akauliza.

"Neno."

Rayyis alinitazama mimi, akautazama msumeno wenye utepe, akamtazama Waziri, aliyekuwa bado na kalamu mkononi. Akakisogelea kipaza sauti. Amri niliichana vipande vinne, nakala na yote, na sijawahi kuchana karatasi ya serikali kwa furaha kiasi kile.

Muhtasari wa siku hiyo upo ofisini, na mhuri upo. Nimeandika kwamba saa nane na dakika kumi Rayyis alitamka "funza" mara tatu, kwa sababu mara mbili za mwanzo Umm Wadih alisema hakusikia vizuri.