Malkia Mweusi Ndani ya Soksi

Alhamisi, 9 Mei
Naapa kuandika yote humu, hata ya aibu. Kesho nacheza sataranji na Gorata. Mshindi anakwenda Francistown na timu ya klabu. Nafasi ni moja, na mimi sijawahi kupita kijiji cha Serule. Mpango: nikimla malkia wake, namficha. Askari wake akifika mwisho wa ubao, hatapata malkia wa kugeuka. Kanuni hazitaji soksi popote. Nimezisoma mara mbili.

Ijumaa, 10 Mei
Tulilana malkia mapema. Wake akaingia kwenye soksi yangu ya kulia. Taji linachoma. Askari wangu akafika mwisho kwanza. Nikamtafuta malkia wangu kati ya kete zilizoliwa. Hayupo. Kumwita mwamuzi sikuthubutu. Angeanza kukagua watu. Nikachukua ngome, nikaisimamisha kichwa chini, kama tufanyavyo shuleni, nikasema huyu ndiye malkia. Gorata akainua mkono. Rra Mosweu, mwalimu na mwamuzi wetu, akaja akitafuna magwinya, maandazi yake ya kila siku. “Mwanangu, hii hata ikilala chali ni ngome.”

Basi ngome. Punde askari wa Gorata naye akafika. Akatafuta malkia wake. Akatazama soksi yangu. Nikatazama kofia yake ya sufu, ambayo hakuivua hata jasho lilipomtiririka. Akaomba ngome, kwa sauti ndogo sana. Tukafukuzana ubaoni, ngome kwa ngome, mpaka watazamaji wote wakaenda kunywa chai. Sare.

Jumamosi, 11 Mei
Rra Mosweu amehesabu kete. Marudiano ni Jumatano, lakini malkia wawili wasipoonekana, nafasi ni ya Kabo. Kabo, ambaye bado anamwendesha farasi kama ngome! Getini Gorata akaniuliza, “Masego, mbona unachechemea?” Nikamuuliza kichwa chake kitapoa lini.

Jumatatu, 13 Mei
Nimejirekebisha. Sitaficha malkia tena. Nimeshona mfuko ndani ya sketi. Unatosha farasi wawili. Barua niliyomwandikia Gorata nimeinakili hapa:

“Dada Gorata, kesho asubuhi tuwarudishe malkia wote wawili kwenye sanduku la kete, mtu asijue. Mimi nitafungua, wewe utaangalia mlango. Moja tu nijibu leo, kabla ya kengele ya mwisho: Jumatano utavaa kofia ile?”