Tini Kumi na Saba kwa Saliha

Jumamosi, 11 Januari 1997
Ramadhani mosi. Tende hakuna. Vikwazo! Nchi jirani zimetufungia mipaka, na mtaa mzima wa Buyenzi tunafuturu kwa mhogo na chai kavu. Lakini mimi Tajudini, fundi redio, mgane wa miaka hamsini na mbili, nina mtini kwenye nusu pipa uani. Una tini kumi na saba. Nimezihesabu mara nne.

Leo Saliha kaniita barazani kwake, mimi na Massoudi, fundi wa magari, jirani yangu ukuta kwa ukuta, naye hana mke. Anasema Jumapili ya tarehe mbili Februari atamsomea marehemu baba yake hitima, na anataka watu wafungue kwa tini, kama mzee alivyopenda. Mti wa mzee ulishakatwa. Vijiti viwili tu vilipona, kimoja Saliha akanipa mimi, kimoja Massoudi, tukavipanda. Akasema anatamani kuonja utamu ule tena, japo mara moja. Akatutazama sote wawili. Mimi zaidi.

Nampenda mwanamke huyu. Jana niliunga redio ya watu kinyumenyume kwa kumuwaza. Nimeapa: siku ya hitima, ikiisha dua tu, naposa.

Jumanne, 14 Januari
Nimepanda mlimani Kiriri kwa Népomuscène, mtunza bustani kwenye villa ya wakubwa. Nilimtengenezea redio, naye kanipa magunia mawili ya udongo mweusi na samadi. Kwenye bariyeri, kile kizuizi cha barabarani, askari akauliza nimebeba nini. Nikasema mavi ya ng'ombe. Hakuamini. Akazamisha mkono mpaka kiwiko akitafuta bunduki. Hapo akaamini! Nikasimamishwa juani nusu saa kwa kosa la kusema kweli.

Mtini sasa umeshiba. Asubuhi ndoo moja, mchana ndoo, jioni ndoo. Juu nimeufungia plastiki ya mahema ya wakimbizi, jua lisiufyonze sukari. Mimi mwenyewe jua hili linanikausha na saumu yangu, sembuse tini!

Ijumaa, 17 Januari
Massoudi kashikwa na malaria. Meno yanagongana. Kaniomba, ndugu yangu, nimtunzie mtini wake mpaka apone. Nikaweka mkono kifuani nikasema inshallah.

Mungu hamtupi mja wake.

Mti wake ulikuwa kivulini, kwenye udongo mzuri kuliko wangu. Una tini kumi na mbili, mshenzi yule! Nimeuchota udongo wote wa juu nikautia kwenye pipa langu. Mahali pake nimejaza matofali yaliyovunjika na chokaa ya ukuta wa mtaani ulioangushwa na bomu la vita hivi. Kisha nikaliburuta pipa lake mpaka kwenye ukuta wa bati unaotazama magharibi, pale ambapo mchana hata mjusi hakanyagi. Maji ni kikombe kimoja kila siku ya tatu.

Nimejiuliza kama nimeharibu saumu. Sikula. Sikunywa. Sikumtukana mtu. Saumu yangu safi.

Jumapili, 26 Januari
Mashallah! Tini zangu zimenona, za kijani, zinang'aa, kubwa kama ngumi ya mtoto. Za Massoudi zimesinyaa, shingo zimelala, majani ya njano. Niliona huruma. Kidogo.

Geneviève, yule Mkongomani wa Uvira anayeuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kapita uani kwangu. Anasema miye nimefunga, yeye hafungi, kwa nini asinionjee moja nijue ikoje. Apana! Namjua huyu: akionja mchuzi, sufuria inabaki kavu. Jioni ningeweza kuonja mwenyewe, ila kumi na saba ni kumi na saba, sitaki pengo kwenye sinia. Na tini kama hizi hazihitaji ulimi. Macho yanatosha.

Basi kaenda kwa Massoudi. Huyo, mgonjwa vile vile, kamruhusu achume moja. Katoka analamba vidole, kanitazama, kajitwika ndagala zake kaenda. Nadhani alimwonea huruma mgonjwa.

Jumapili, 2 Februari
Ole wangu!

Watu walikuja mapema kwa ajili ya kuvrefe, maana usiku hakuna ruhusa ya kutembea. Sinia langu mbele ya Saliha, tini zimepangwa juu ya majani. Massoudi, kakonda huyo, kaleta zake kwenye bakuli la chai. Nilicheka kimoyomoyo mpaka nikasahau kujibu salamu.

Adhana. Saliha akaanza na yangu. Akatafuna. Akatafuna tena. Akaomba maji. Mwalimu wa chuo cha Kurani akauliza kwa upole kama hili ni tango la aina gani. Mbili zilikuwa zimepasuka, zimechacha.

Kisha Saliha akachukua ya Massoudi. Asali ilimchuruzika kidoleni. Akafumba macho, machozi yakamtoka, akasema, "Baba." Basi. Watu wakalivamia bakuli. Na mimi. Wallahi ni tamu! Nilikula tatu kwa bahati mbaya.

Massoudi akasimama akanishukuru mbele ya wote. Alisema yeye alikuwa kitandani, mti huu umelelewa na ndugu yake Tajudini kama mtoto. Saliha akanigeukia na yale macho, akasema Mungu akulipe, kaka.

Kaka! Neno hilo limenichoma mpaka sasa. Dua ikaisha. Kabla sijameza tini ya nne, Massoudi alikuwa ameshaposa. Na amekubaliwa.

Jumatatu, 10 Februari
Idi pili. Wachumba wamekuja na sambusa. Wanaomba niulee mtini wao mwaka huu pia, maana eti nina mkono wa kulea miti.

Geneviève, ambaye hakuulizwa, akadakia kwamba kwa bibi yake Uvira mtini uliota kwenye ufa wa ukuta, juani, bila samadi, na ndio uliokuwa mtamu kuliko yote. Nikamwambia auze samaki wake.

Mimi nimeshalijua kosa langu. Samadi ilikuwa chache. Kesho napanda Kiriri kuchukua magunia manne, na plastiki nitaifunga mara mbili.

Na ule wao? Nimeupokea kwa mikono miwili, nikitabasamu. Hawanijui! Nitaupandisha juu ya bati, kwenye chokaa tupu, tone la maji usilione. Ramadhani ijayo tuone bibi harusi atafungua kwa nini.