Kampuni Haijafa, Imelala

Jumatatu, 3 Machi
Nimenunua kiwanda cha magodoro. Si chote. Hisa mia nane. Dalali kaniuzia kwa bei ya kutupa, akatoa cheti kwenye boksi la viatu, kimejaa vumbi. Nikakifuta kwa leso mpaka kikapendeza. Mke wangu ni fundi cherehani asiye na cherehani. Anaazima ya jirani, na jirani ana mdomo. Pesa nilizotumia ndizo alizokuwa akidunduliza anunue yake. Hajui. Hisa zikipanda nitamnunulia mbili. Wanasema kampuni imefilisika. Wivu tu. Kampuni ya magodoro haifi, inalala.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, mwalimu wa hesabu, kaja kula chakula changu na kunifundisha. Naye ana karatasi za kampuni ileile, ila zake ni hati fungani. Yaani yeye kaikopesha kampuni, mimi ni mwenye kampuni. Eti ikifa, wanaoidai hulipwa kwanza, wenyewe mwisho, kama kuna kilichobaki. Nikamuuliza ni nyumba gani mwenye nyumba hula baada ya wageni. Akasema hii hii, akajipakulia nyama ya mwisho. Mke wangu akacheka, kisha akauliza pesa za hisa nimetoa wapi. Nikakohoa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepita kiwandani. Getini pamebandikwa tangazo la mfilisi, yule aliyekabidhiwa kampuni auze mali na kulipa wanaoidai. Linasema: HISA ZOTE ZIMEFUTWA. Nimelisoma mara tatu. Hatimaye mtu makini! Mimi nilifuta cheti changu, naye kafuta vyote. Nani anafuta vumbi kitu anachotaka kukitupa? Nimemnunulia mlinzi soda. Alinitazama kwa huruma, nikadhani ni kiu.

Nyumbani nimemweleza mke wangu kila kitu, hata habari ya pesa zake, maana tajiri hana cha kuficha. Amekunja gauni alilokuwa akilishona kwa mkono, akaenda kulala bila kula. Furaha nyingine humziba mtu mdomo.

Jumatatu, 10 Machi
Nimerudi kiwandani, nimefedheheshwa. Mfilisi, mama mpole mwenye miwani, kaniambia kufutwa ni kufutwa, kama jina la mtoto kwenye daftari la shule. Nikamuuliza kwa nini basi hawakuandika zimekufa, tukaelewana. Watu wa ofisini wanatuharibia Kiswahili! Nikiwa bado nabishana, shemeji akatokea stoo. Wanaoidai kampuni wamelipwa kwa vitu. Yeye kapewa magodoro mawili na cherehani iliyokuwa ikishonea vitambaa vya magodoro. Akaipeleka moja kwa moja kwa dada yake. Kwangu!

Mke wangu kalia, kamkumbatia kaka yake. Mimi nimeambiwa nishike mguu wa cherehani wakati wa kuingiza. Nikiri jambo moja: aliposhona mshono wa kwanza, uso wake ulinikumbusha alivyokuwa siku nilipomwoa, nikaona aibu. Kama dakika tano hivi. Shemeji katuachia na godoro moja. Letu la zamani tumelitupa.

Alhamisi, 13 Machi
Siku ya tatu nyumba inalia cherehani tu. Mke wangu haniulizi chochote, na hilo ni baya kuliko kuulizwa. Lakini kosa langu nimeliona. Wahenga walisema: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Mimi nikaenda kununua kampuni iliyolala! Dalali kaniletea habari za kiwanda cha saa za ukutani. Safari hii sichezewi na lugha. Nimekwenda mwenyewe, nimesoma tangazo la getini neno kwa neno. Linasema: KIWANDA KIMESIMAMA. Nimechukua hisa elfu moja. Godoro la shemeji limeshapata mteja. Atakuja kulichukua kesho, mke wangu akienda kununua uzi.