Chapati za Joyness Zapigwa Marufuku Mlandege

Baridi ya Mlandege asubuhi hiyo ilikuwa inauma mpaka kwenye meno. Tulijazana kwenye benchi la Alawi muuza kahawa, kila mtu kakumbatia kikombe, mara simu zetu zikalia kwa pamoja. Grupu la mtaa. Aliyetuma ujumbe ni Filemoni, tunayemwita Bunge kwa kuwa hanyamazi, na alikuwa amekaa palepale katikati yetu.

“TAHADHARI. Yule dada wa chapati kakanyaga waya. Nimemwona kwa macho yangu CTC, kliniki ya wenye virusi, dirishani akichukua dawa. Tulinde familia zetu.”

Dada wa chapati ni Joyness, mjane, meza yake iko ng’ambo ya barabara. Tulimwona naye akisoma simu. Akailaza kifudifudi mezani, akaendelea kusukuma unga.

“Umetuma kitu gani hiki?” Alawi akauliza.

“Elimu kwa umma.”

“Haya mwalimu, tufundishe,” akadakia Asukile. Huyo tunamwita Chunya, kwa kuwa alichimba dhahabu huko mpaka mashimo yenyewe yakamchoka. “Kirusi kinapandaje kwenye chapati?”

“Si anakanda kwa mikono? Jasho linaingia.”

“Ehe. Kinasukumwa, kinatupwa kwenye kikaango, mafuta yanachemka, kinageuzwa huku na huku, chenyewe kimetulia tu kinasubiri mdomo wa Bunge. Hicho siyo kirusi, hicho ni komando!”

Benchi zima likaangua kicheko.

“Chekeni tu,” Bunge akanuna. “Ule mwili wake ni dawa tu zinamshikilia.”

“Dada anabeba gunia la unga mwenyewe,” akajibu Chunya. “Wewe juzi umebeba ndoo ya maji ukalala na nguo. Kama ni dawa, na wewe waombe.”

“Mimi anayenitisha ni yule ambaye hajawahi kupima,” akasema Alawi, “anapita hapa kifua mbele, kila binti anamwita mke.”

Tukakohoa kidogo, kila mtu akaangalia kahawa yake.

Ng’ambo, mteja akafika mezani kwa Joyness, akachungulia simu, akageuka kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Wa pili vilevile. Hapo kicheko kikatukauka.

“Bunge, nielimishe jambo moja,” Chunya akasema. “Lile dirisha haliko barabarani. Liko huko nyuma ya jengo kabisa, mtu hapiti pale akienda sokoni. Wewe ulikuwa unapita kwenda wapi?”

“Nili... nilipotea.”

“Umezaliwa Iringa hii hii!”

“Nilikuwa naulizia choo.”

Baridi yote ile, jasho likamtoka. Wakati huo Joyness alikuwa ameshavuka barabara, anajifuta unga kwenye kanga.

“Kamwene, kaka zangu,” akatusalimu Kihehe.

Tulijua amekuja kumvua mtu nguo, na kwa jinsi Bunge alivyoinamisha kichwa, tulijua ana uwezo huo.

“Dawa natumia,” akasema taratibu. “Kipimo cha mwisho virusi havikuonekana. Hilo ni langu, na nalisema mwenyewe, siyo mtu anisemee. Na wewe kaka Chunya, mwache mwenzio. Siku ile alikuwa kamsindikiza mgonjwa.”

“Mgonjwa gani?”

“Mgonjwa tu. Kwani kule watu wanaenda kutajana?”

Bunge akamtazama kama mtu aliyevutwa kutoka kisimani. Akatoa simu, akaandika. Zetu zikalia: “Nimefuta ujumbe. Nilifananisha.”

“Ulimfananisha na n...” Chunya akaanza. Alawi akamkanyaga mguu, maneno yakageuka yowe.

“Dada yangu,” Bunge akasema, macho yamejaa maji, “mimi...”

“Chapati zinapoa,” akasema Joyness, akarudi zake kwenye kikaango.

Bunge akainuka, akavuka. Ikabidi na sisi tunyanyuke, mmoja mmoja, vikombe mkononi, Alawi akitupigia kelele tusiende navyo. Chunya alifika wa mwisho, anachechemea.

“Dada Joyness, anza na huyo,” akasema. “Mjazie mdomo vizuri, mtaa upumzike.”