Madhara ya Sukari

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa zahanati: wanatafutwa watu wa kujaribia usalama wa sindano mpya ya mafua ya msimu wa maua, atakayepata madhara atalipwa fidia. Wapita njia waliona neno "madhara" wakaongeza mwendo. Sukari, aliyepewa jina hilo kwa utamu wa ulimi wake, aliona neno "fidia" akaingia ndani, akasaini kurasa nne bila kusoma hata moja.

Alidungwa pamoja na mama mmoja fundi cherehani. Mama huyu, maua yakichanua, hupiga chafya hadi mshono unapinda, na wateja walishaanza kumkimbia. Sindano hii ndiyo iliyokuwa tumaini lake la mwisho. Wakaambiwa wakae benchini waangaliwe, karibu na dirisha lililotazama mti uliochanua.

Muuguzi alipotoka, Sukari akachomoa kifuko cha upupu.

"Mama, mambo ndiyo haya. Najipaka kidogo mkononi, nawashwa, nalipwa. Nikugawie?"

"Halafu hiyo sindano?"

"Itapigwa marufuku. Kwani ni ya baba yako?"

Mama roho ilimuuma. Akatazama bega lake, palipodungwa pamevimba kama punje ya mahindi. Akatazama la Sukari, laini, kama halijaguswa. Yeye alikuwa amesoma kurasa zote nne.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "mkono tu watasema ni mbu. Madhara ya kweli huenea mwili mzima."

Sukari aliona ushauri una hekima ya watu wazima. Akajipaka shingo, mgongo, tumbo na mahali pengine ambapo heshima inatuzuia kupataja. Muuguzi aliporudi alimkuta akijikuna kwa mikono miwili na mguu mmoja.

"Dada, sindano yenu inaniua. Andika madhara."

Muuguzi, bila haraka, akafungua bahasha yenye namba ya Sukari.

"Wewe hukudungwa dawa. Ukurasa wa tatu: nusu yenu mnadungwa maji ya chumvi, ili tulinganishe." Akavaa glavu, akaokota kinywele cha kahawia shingoni mwake. "Na huu ni upupu. Mlango ni ule ule ulioingilia."

Sukari akamgeukia fundi. "Mama, umeniponza."

"Akili ni nywele, mwanangu, kila mtu ana zake," mama akajibu, akivuta pumzi ndefu dirishani bila kupiga chafya. "Zako ndizo hizo zinazokuwasha."