Asali ya Kichaa Huonjwa Mwambani

"Mwaka jana ulinilipa bei ya asali ya kawaida ya vuli, na niliyokupa ilikuwa ya kichaa! Mwizi wewe!"

"Mimi mwizi, shangazi? Soko ndilo lililoiba. Mimi nilishika mfuko tu."

Ndivyo Jhapat alivyo. Ukimkuta na mkono mfukoni mwako, atakuomba umsaidie kutafuta. Baba yake alikuwa mpanda mwamba, mrina asali hodari kuliko wote hapa milimani Lamjung. Jhapat mwenyewe alikimbilia Kathmandu na darasa lake la sita, akawa anawauzia watalii asali ya kichaa, ile ya masika ya maua mekundu, ambayo kijiko kimoja tu unampa ng'ombe shikamoo.

Safari hii Shangazi Dilsara alikuwa na dumu moja la asali. Ngazi ya kamba ya kurinia imeoza, vijana wa kusuka nyingine wako Qatar, na bila ngazi mpya mwamba wa nyuki unapewa ukoo mwingine. Alitaka rupia elfu arobaini.

"Arobaini? Hii si ya vuli hii?" Jhapat akasema hata kabla hajaionja. Ndiyo mbinu yake ya kushusha bei.

"Onja basi. Lakini si hapa. Ya kichaa huonjwa kule juu, ukingoni, miguu inaning'inia. Au baba yako hakukufundisha?"

Hakufundishwa kitu. Lakini mtu anayejitangaza kwa watalii kila siku kuwa mtoto wa mwamba, aseme nini?

"Nani asiyejua hilo, shangazi?"

Wakapanda kwa njia ya mbuzi. Jhapat akakaa ukingoni, nyuki wananguruma chini ya makalio yake, mto kule chini mwembamba kama uzi. Akalamba kijiko. Akatazama chini. Masikio yakalia, dunia ikazunguka.

"Mama yangu! Hii ndiyo yenyewe!"

Akalipa palepale, shangazi asije akapandisha bei.

Walipofika kijijini akalamba tena. Kimya. Vijiko vitatu. Kimya. Kichwa kimetulia kama cha mbuzi aliyeshiba.

"Shangazi! Hii ni ya vuli!"

"Si ulisema mwenyewe asubuhi?"

"Na ile desturi ya ukingoni?"

"Nimeitunga leo. Kilichokuzungusha ni mwamba."

"Nakushtaki kwa kijiji kizima!"

"Nenda. Waambie mtoto wa mpanda mwamba hajui asali."

Jhapat akajitwika dumu, akageuka, akashuka zake.